Mwongozo kwa Wanaojitolea kwa Ajili ya Amani, Bila Silaha, Katika Maeneo ya Vita

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye imani yake ya dini imemfikisha kwenye uamuzi wa kwenda kuishi na watu walio katikati ya vita, asiwe na bunduki wala mlinzi mwenye bunduki, ili awasindikize wanaotishiwa maisha, akae kijijini pamoja na wanaoogopa kufukuzwa, ashuhudie yanayotendeka na, inapowezekana, awakutanishe mahasimu. Kazi hiyo imefanywa na Wakristo, Waislamu, Wabudha na Wahindu, na waliotutangulia wametuachia mafunzo mengi, baadhi yao kwa gharama ya uhai. Funzo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kwamba maamuzi yanayohusu hatari yanapaswa kufanywa mapema, kwa pamoja, huku wenyeji ambao ndio watakaobaki wakiwa na kauli ya mwisho. Anayengoja hatari imkute ndipo aamue, hofu humwamulia.

Kabla ya kukubali kwenda

Swali la kwanza la kujiuliza ni nani aliyekuita. Usiende mahali ambapo hakuna kanisa, msikiti, kikundi cha wanawake, chama cha wakulima au jumuiya nyingine ya wenyeji iliyoomba uje na inayoweza kueleza inakuhitaji kwa kazi gani. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kama mwenyeji mwenyewe hawezi kukueleza atakavyopona kwa kuja kwako, huo ni ushahidi wa kutosha kwamba wakati wako wa kwenda haujafika.

Swali la pili linahusu nia, na hapa nakusihi usijihurumie. Mwaka 1984, katika mkutano wa dunia wa Wamennonite, Wakristo wa madhehebu yanayokataa vita, uliofanyika Strasbourg, mwanatheolojia Ron Sider aliwahimiza waumini wenzake wawe tayari kufa kwa ajili ya amani kama askari wanavyokuwa tayari kufa vitani, na kutokana na mwito huo likazaliwa shirika la Christian Peacemaker Teams, ambalo sasa linaitwa Community Peacemaker Teams na hufahamika kwa kifupi kama CPT. Mwito huo ni wa haki, lakini kuwa tayari kufa ni jambo moja, na kukitafuta kifo ni jambo jingine kabisa. Mtu anayetamani kuwa shahidi, anayekimbia huzuni ya nyumbani, au anayetaka kujithibitishia kwamba imani yake ni ya kweli, huwaongezea wenzake hatari, kwa sababu penye haja ya kurudi nyuma atasogea mbele. Kamati inayochagua wajitoleaji inapaswa kumkatalia mtu huyo kwa upole na bila kusitasita, na wewe mwenyewe, ukijiona katika maelezo haya, jikatalie kabla hujakataliwa.

Zungumza na familia yako kwa uwazi, tena zaidi ya mara moja. Mwenzi wako wa ndoa, wazazi wako na watoto waliofikia umri wa kuelewa wana haki ya kusikia kutoka kinywani mwako kwamba unaweza kuuawa, kujeruhiwa au kutekwa, na wana haki ya kupinga. Andika wosia, eleza unavyotaka kuzikwa na wapi, na madeni yako yajulikane kwa mtu unayemwamini.

Fahamu ulinzi wako unatoka wapi

Wengi hudhani kwamba mtu asiye na silaha hulindwa na Mungu peke yake au na bahati. Muumini ana haki ya kumtegemea Mungu, lakini kazi hii ina sababu zake zinazoonekana, na asiyezifahamu hawezi kujua ni lini zimekoma kufanya kazi. Mwenye silaha hujizuia pale anapokuwa na kitu cha kupoteza: sifa yake mbele ya mataifa, msaada anaoupata, heshima yake kwa wazee wa ukoo wake, au hofu ya kushtakiwa siku moja. Kuwapo kwa shahidi kutoka nje huongeza gharama ya uovu. Nchini Guatemala, mwaka 1985, baada ya viongozi wawili wa chama cha jamaa za watu waliopotezwa kuuawa, Peace Brigades International, shirika lisilo la dini lakini ambalo mbinu zake zimeigwa na mengi ya kidini, lilianza kuwasindikiza viongozi waliobaki usiku na mchana, nao wakaweza kuendelea na kazi yao. Serikali ya kijeshi ya wakati ule ilijali namna ilivyotazamwa nje, na hapo ndipo ulinzi ulipotoka.

Kwa hiyo, kabla ya kila kituo cha kazi, kaeni na wenyeji mwandike majina ya makundi yote yenye silaha, na kwa kila kundi mjibu: nani anatoa amri, anamsikiliza nani, anaogopa nini, na anafaidika na nini ikiwa mgeni atadhurika? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Pale ambapo mgeni ana thamani ya fedha au ya kisiasa akiwa mateka, sura yake ngeni haimlindi, bali humfanya awindwe. Kundi likiwa halina kamanda anayetambulika, au likiwa limegawanyika wiki hii hii, chukulieni kwamba ulinzi wenu haupo mpaka mpate ushahidi wa kinyume chake.

Uhusiano ndio chanzo cha pili cha ulinzi, na kwa maoni yangu ndicho kinachodumu. Mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, vita vya mwaka 2013 vilipoelekea kuwa vya Wakristo na Waislamu, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga, Imamu Omar Kobine Layama na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walisimama pamoja hadharani, na imamu pamoja na familia yake wakapata hifadhi katika makazi ya askofu. Walikuwa wamekwisha kufahamiana na kuaminiana kabla ya mauaji kufika mjini. Nawe ukifika, watembelee viongozi wa dini zote za eneo hilo katika siku zako za mwanzo, usianze na wa dini yako peke yao. Usihubiri ili kuwaongoa watu. Ukionekana umekuja kuongeza waumini, umekuwa upande mmoja wa mgogoro.

Maamuzi yanayopaswa kuandikwa kabla ya safari

Sehemu hii nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo ambayo vikundi vingi huikwepa.

Tarehe 26 Novemba 2005, wanaume wanne waliokuwa Baghdad kwa kazi ya CPT walitekwa: Tom Fox kutoka Marekani, Norman Kember kutoka Uingereza, na James Loney na Harmeet Singh Sooden kutoka Kanada. Watekaji walitishia kuwaua iwapo wafungwa wa Iraki hawangeachiwa. Waislamu wengi duniani, wakiwemo Wapalestina waliolifahamu shirika hilo kwa kazi yake katika Ukingo wa Magharibi, walijitokeza kuomba waachiwe. Tom Fox, aliyekuwa Mquaker, yaani muumini wa madhehebu mengine ya Kikristo yanayokataa vita, aliuawa, na mwili wake ukapatikana mwezi Machi 2006. Tarehe 23 ya mwezi huo, wenzake watatu waliokolewa na wanajeshi walioongozwa na Waingereza, bila risasi kufyatuliwa, kwa kuwa watekaji hawakuwamo ndani ya nyumba.

CPT lilikuwa na msimamo wa kutolipa fidia ya kuwakomboa mateka na wa kukataa nguvu za silaha zisitumiwe kuwaokoa watu wake. Serikali hazikufungwa na msimamo huo, na zikafanya uamuzi wake. Waliookolewa waliwashukuru waliowatoa, wakabaki na imani yao, na baadaye, watuhumiwa walipokabiliwa na mashtaka yaliyoweza kuwaletea hukumu ya kifo, hawakukubali kutoa ushahidi wa kuwapeleka kwenye kitanzi. Mtu anaweza kuafikiana nao au kutoafikiana nao, lakini haiwezekani kuyafikia maamuzi ya namna hiyo vizuri huku umefungwa minyororo, wala familia haiwezi kuyabuni kwa niaba yako huku kamera zikiwa mlangoni.

Kwa hiyo andika, kwa mkono wako, na utie sahihi mbele ya wenzako na mtu mmoja wa familia: je, unakubali fidia ilipwe kwa ajili yako? Je, unataka wanajeshi wajaribu kukuokoa, ukifahamu kwamba serikali yako inaweza kufanya hivyo hata ukikataa? Nani atasema na waandishi wa habari, na nani hatasema? Ni mambo gani ya maisha yako yasitajwe hadharani wakati ukiwa mateka, kwa sababu watekaji wangeyatumia kukuumiza? Katika tukio la Baghdad, familia na wenzao walinyamazia kwa makusudi baadhi ya mambo ya namna hiyo. Weka pia swali moja ambalo jibu lake unalijua wewe na mtu mmoja tu, ili atakayedai kwamba unaishi aweze kupimwa. Mwisho, andika ungependa nini kitendeke kwa waliokudhuru. Karatasi hizo zifungwe katika bahasha, zikae kwa shirika, na zifunguliwe upya kila mara unapobadilisha kituo, kwa sababu watu hubadilika na watoto huzaliwa.

Kikundi kizima kikubaliane vilevile juu ya masharti ya kuondoka. Tajeni dalili zinazoonekana, siyo hisia: barabara fulani ikifungwa kwa usiku wa pili, soko lisipofunguliwa, familia za makamanda zikianza kuhama, au mwenyeji fulani mnayemwamini akiwaambia ondokeni. Mtu mmoja akitaka kuondoka, aondoke bila kuulizwa sababu na bila kupimwa imani yake. Bila sharti hili, woga hugeuka kuwa siri, na woga wa siri ndio unaoharibu kazi.

Mafunzo

Usikubali kupelekwa kazini baada ya semina ya siku mbili. Mafunzo ya kweli huchukua wiki kadhaa, na sehemu kubwa yake ni mazoezi ya kuigiza: mmoja ni askari mlevi kwenye kizuizi, mwingine ni mama anayelia, mwingine ni wewe, na mnarudia mpaka mwili ujifunze kutoinua mikono ghafla na sauti ijifunze kushuka badala ya kupanda. Jifunze kuzuia damu kuvuja, kutambua mabomu ya kutegwa ardhini na mabaki ya silaha yanayoweza kulipuka, kutumia redio, kusoma ramani bila simu, na kusalimia kwa heshima katika lugha ya mahali hapo.

Khudai Khidmatgar, harakati ya Waislamu wa Kipashtuni iliyoanzishwa na Abdul Ghaffar Khan mwaka 1929, iliwaapisha wanachama wake kutotumia nguvu na kutolipiza kisasi, na pia kutoa angalau saa mbili za kila siku kwa kazi za kuwahudumia watu. Tarehe 23 Aprili 1930, wanajeshi wa serikali ya Kiingereza walipowafyatulia risasi watu katika soko la Qissa Khwani mjini Peshawar, ambao leo uko Pakistan, umati uliokuwa na watu wa harakati hiyo haukujibu kwa silaha, ingawa walitoka katika jamii iliyozoea bunduki na kisasi. Nidhamu ya siku mbaya hujengwa katika kazi ndogo za siku za kawaida. Ndiyo maana napendekeza kikundi kiwe na ratiba ya sala au ukimya wa pamoja kila asubuhi, ifuatwe hata siku ambayo hakuna aliye na hamu nayo, na kila mmoja awe na zamu ya kupika na kufagia.

Kuishi na kutembea katika eneo la kazi

Amueni na wenyeji kama mtaonekana au mtajificha. Wajumbe wa CPT wamezoeleka kwa kofia nyekundu, na wanawake wa Kikristo na Kiislamu wa Liberia walioandamana mwaka 2003 kudai amani, Leymah Gbowee akiwa miongoni mwa viongozi wao, walivaa nguo nyeupe ili wasichanganywe na upande wowote. Vazi la namna hiyo hulinda pale ambapo wenye silaha wanajua maana yake na wanaiheshimu. Mahali pengine lingekuwa shabaha, na wenyeji ndio wanaojua tofauti.

Tembeeni wawili wawili au zaidi, mkiacha taarifa ya njia mnayopita na saa mnayotarajiwa, na kukiwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuanza kuwatafuta muda uliokubaliwa ukipita. Msipande magari ya kijeshi na msikubali kusindikizwa na watu wenye silaha, hata wakiwa ni wa upande unaowaonea huruma. Mwaka 1994, matembezi ya amani ya Wabudha wa Kambodia, yaliyojulikana kama Dhammayietra na kuongozwa na Maha Ghosananda, yalinaswa katikati ya mapigano ya wanajeshi wa serikali na waasi wa Khmer Rouge, na mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakauawa. Matembezi yaliendelea miaka iliyofuata, na kwa kila anayepanga msafara tukio hilo ni onyo kwamba njia inapaswa kuchunguzwa asubuhi ya siku yenyewe, si wiki iliyotangulia.

Daftari lako linaweza kumuua mtu. Usiandike majina kamili ya waliokusimulia mateso, usiweke picha za nyuso zao katika simu unayopita nayo vizuizini, na usichukue picha bila idhini iliyotolewa na mtu anayeelewa picha itakwenda wapi. Taarifa zipelekwe mahali salama kwa njia iliyofungwa kwa siri, kisha zifutwe kwenye simu.

Kuna nyakati ambapo kazi yote ni kuwapo tu. Mwezi Juni 2003, viongozi wa dini wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, wakiwa pamoja na Askofu Mkuu John Baptist Odama, walilala mitaani mjini Gulu kwa usiku nne pamoja na maelfu ya watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kuingia mjini ili wasitekwe na waasi wa Lord's Resistance Army (LRA). Hawakumzuia mwasi yeyote kwa mikono yao, lakini dunia iliyokuwa imefumba macho ililazimika kutazama. Mjitoleaji asiyeweza kukaa bila kufanya jambo la kuonekana atapata taabu katika kazi hii.

Hatari inapofika

Kwenye kizuizi cha barabarani, simamisha gari mbali kidogo, zima muziki, washa taa ya ndani kama ni usiku, vua miwani ya jua na acha mikono ionekane. Salamu itangulie maelezo. Eleza wewe ni nani na unakwenda wapi kwa sentensi fupi za kweli, kwa kuwa uongo mdogo ukigundulika, ukweli wote hupoteza thamani. Usibishane na mdogo mbele ya mkubwa wake wala na mkubwa mbele ya wadogo wake. Mpe nafasi ya kukuruhusu bila kuonekana ameshindwa. Wakitaka gari, fedha au simu, toa. Wakitaka kumchukua mtu unayemsindikiza, hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kaa karibu naye, uliza kwa utulivu jina la aliyetoa amri, omba mzungumze na mkubwa wao, na useme utafuatana naye.

Milio ya risasi ikianza, lala chini, tafuta ukuta wa mawe au handaki, na usisimame kuhubiri amani. Risasi hazisikii, na anayeuawa bila sababu huwaachia wenzake mzigo wa kuubeba mwili wake huku risasi zikiendelea.

Tofauti ni pale muuaji anapokuwa mbele yako na anakuona. Tarehe 17 Aprili 2014, watu wenye silaha waliivamia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Bor, Sudan Kusini, ambako raia walikuwa wamekimbilia, na kuua makumi ya watu. Wafanyakazi wawili wa Nonviolent Peaceforce, shirika linalowalinda raia bila silaha, walijikuta katika kibanda pamoja na wanawake na watoto. Waliamriwa kutoka zaidi ya mara moja, nao wakaonyesha vitambulisho vyao, wakaeleza kwamba wao ni walinzi wasio na silaha, na wakakataa kuwaacha waliokuwa ndani. Wavamizi waliondoka, na watu wa kibanda kile wakapona. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Lakini sauti yao ya utulivu na maneno yao machache yalikuwa yamekwisha kufanyiwa mazoezi, na uamuzi wa kutoondoka haukuanza kufikiriwa siku hiyo.

Ukitekwa, tii amri ndogo, usijaribu ujanja, na fanya kila uwezalo watekaji wakuone kuwa ni mtu: taja jina lako na uliza majina yao ikiwa haiwaudhi, omba maji, omba nafasi ya kusali. Hesabu siku. Kula unachopewa.

Wenyeji mliofuatana nao

Mkalimani, dereva na mwenye nyumba mnayolala wanabeba hatari kubwa kuliko yenu, na mara nyingi hawana pasipoti ya kuwatoa. Tarehe 12 Machi 2017, Michael Sharp na Zaida Catalán, wataalamu wa Umoja wa Mataifa, waliuawa katika mkoa wa Kasai-Central, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sharp, aliyekuwa Mmennonite, alikuwa amefanya kazi kabla ya hapo na makanisa ya mashariki mwa nchi hiyo ya kuwashawishi wapiganaji warudi makwao. Mkalimani wao na waendesha pikipiki watatu, wote Wakongo, walitoweka siku hiyo, na ulimwengu umewataja mara chache sana ukilinganisha na wageni wale wawili. Naliona hilo kuwa dhuluma ambayo mashirika ya imani hayana udhuru wa kuirudia.

Basi bima, fidia kwa familia, mpango wa kuhamishwa na huduma ya matibabu viwe sawa kwa mgeni na mwenyeji, na viandikwe katika mkataba kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mwenyeji akisema leo hatuendi, hamwendi. Mkilazimika kuondoka, waulizeni wao kwanza kuondoka kwenu kutawafanyia nini, mkabidhiane namba za watu wa kupigiwa, na muendelee kupiga simu kila siku mliyoahidi. Yule aliyerudi nyumbani apewe muda wa kupumzika na mtu wa kumsikiliza aliyesomea majeraha ya moyo, mbali na kiongozi wake wa kiroho, na asitumwe kuhutubia waumini kanisani au msikitini kabla hajalala usingizi wa kawaida. Taarifa yake ya mwisho aiandike akiwa bado anakumbuka majina ya njia, vizuizi na makamanda, kisha amkabidhi mkononi atakayechukua nafasi yake.